Wikendi Tulivu ya Kuzaliwa

Tuseme ni Ijumaa jioni, na gari lenye watu watano linatoka Nairobi kuelekea Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi. Mmoja wao anatimiza miaka 40 kesho yake; wengine ni mwenzi wake na marafiki watatu. Ratiba iko kwenye kundi la WhatsApp: mashua alfajiri, baiskeli, nyama choma, keki, muziki hadi usiku wa manane, Mlima Longonot Jumapili asubuhi. Mtaalamu wa saikolojia ya mapumziko angeifuta nusu yake kabla gari halijafika Limuru.

Mwaka 2010, mtafiti wa Uholanzi Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu Waholanzi 1,530, ambao 974 kati yao walikwenda likizo. Kabla ya kuondoka, wasafiri walikuwa na furaha kuliko waliobaki nyumbani. Waliporudi, tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka kwa karibu wote. Kundi moja tu lilirudi na furaha ya ziada: wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Hata kwao furaha hiyo ilififia wiki chache baadaye, lakini waliipata.

Matokeo hayo yanagusa pia safari ya kushtukiza, ile ambayo wengi huiona kama kilele cha mapenzi. Kama sehemu kubwa ya furaha iko katika kungoja, basi kumficha mwenye siku yake ni kumnyima wiki nzima za kuhesabu siku. Afadhali aambiwe mapema, achague mwenyewe nyumba na chakula.

Utulivu, hata hivyo, si kulala mchana kutwa. Mwaka 2000, mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Aron na wenzake waliwafunga wapenzi pamoja mikono na miguu, wakawataka watambae juu ya magodoro huku wakibeba mto bila kutumia mikono. Dakika 7 tu za vurugu hiyo ziliwafanya wauone uhusiano wao kuwa bora kuliko wapenzi waliopewa kazi ya kawaida isiyo na msisimko. Jambo jipya moja, linalofanywa pamoja, linatosha.

Naivasha jambo hilo lipo tayari. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Baiskeli hukodishwa karibu na lango. Korongo la Ol Njorowa lina uzuri wake, ila lisiingiwe mawingu yakitanda. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba wageni humo. Baada ya baiskeli, siku iachwe wazi: jiko la mkaa, kachumbari, mazungumzo yasiyo na haraka. Usiku watu wakae ndani ya uzio, kwa kuwa viboko hutoka Ziwa Naivasha kula majani gizani na kiboko hana utani.

Sehemu inayosahaulika zaidi katika mipango ni Jumapili, yaani mwisho. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha uzito wa mwisho mwaka 1993 kwa maji baridi. Washiriki walitia mkono katika maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Katika jaribio jingine, kwa mkono mwingine, sekunde 60 zile zile na nyingine 30 ambazo maji yalipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie jaribio lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Kumbukumbu huupa mwisho uzito mkubwa kuliko muda wenyewe.

Basi wikendi inayoishia kwenye foleni ya magari ya Jumapili jioni, abiria wakibishana nani hajalipia nyama, itakumbukwa kwa foleni na deni. Michango ikusanywe kwa M-Pesa kabla ya safari. Mlima Longonot uachiwe mwaka mwingine. Watoke Naivasha baada ya kifungua kinywa, barabara ikiwa bado nyepesi, wasimame juu ya Bonde la Ufa wanunue mahindi ya kuchoma, na mwenye siku yake aamue wataondoka pale saa ngapi.