Kiswichi Kinachokufanya Ulaumu Giaboksi

Mercedes W123 ya otomatiki ikianza kuwa nzito mlimani, gereji nyingi zina hukumu moja: giaboksi imechoka, mzee, tafuta nyingine. Hata 230E yangu ya mwaka 1983 ilishahukumiwa hivyo, tena na fundi ambaye hakufunua hata zulia. Gari lilikuwa linabadilisha gia vizuri, halitelezi, na oili ya giaboksi ilikuwa bado nyekundu. Kasoro yake moja tu: uko nyuma ya lori kati ya Chalinze na Morogoro, barabara imefunguka, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, nalo linang'ang'ania gia ileile na kuunguruma. Injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 136 haiwezi kulivuta gari zito namna ile kwa haraka bila kushuka gia.

Giaboksi za enzi zile hazina kompyuta. Huamua gia kwa presha ya oili: sehemu moja hupima mwendo wa gari, na kebo inayotoka upande wa injini hueleza umekanyaga mafuta kiasi gani. Juu ya hayo ipo amri ya dharura, ambayo mafundi huiita kikidauni. Chini ya pedali ya mafuta kuna kiswichi cha kuminya. Mguu ukifika mwisho kabisa, kiswichi hupeleka umeme wa volti 12 kwenye solenoidi iliyo kwenye giaboksi, presha inageuzwa, na gia inashuka kutoka ya nne hadi ya tatu, au ya tatu hadi ya pili. Mwendo ukiwa mkubwa mno kwa gia ya chini, giaboksi haitii.

Nilipofunua zulia, pale pa kiswichi palikuwa na waya mbili zilizofungwa tepu nyeusi. Nadhani sakafu ilichomelewa kwa sababu ya kutu, kiswichi kikatolewa, na kwa kuwa gari liliendelea kutembea, hakuna aliyekikumbuka.

Usinunue chochote kabla ya kupima. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, uguse kila waya kwa testa. Mmoja lazima uiwashe testa. Kisha unganisha ncha hizo mbili kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Nilipounganisha zangu, mpwa wangu alikuwa uvunguni mwa gari. "Mjomba, imegonga!" Ile "tik" moja ilitosha: waya ni nzima na solenoidi inafanya kazi. Usiposikia kitu, angalia fyuzi, kisha soketi iliyo kwenye giaboksi, ambayo mara nyingi imejaa tope na oili, kisha solenoidi yenyewe. Giaboksi iache mwisho kabisa.

Fundi umeme mmoja alitaka kunifungia kitufe cha kengele kwenye dashibodi. Kingefanya kazi, sikatai, lakini mikono ya mtu anayepita lori ina shughuli nyingine. Nilikwenda kwa wauza vipuri wa Gerezani nikatafuta kiswichi cha gari lililokatwa, pamoja na soketi yake na kipande cha waya. Kabla ya kulipa nilikiminya mara kadhaa kuona kama kinarudi chenyewe, huku testa ikiwa imeunganishwa.

Kukifunga ni kazi ndogo. Ugumu uko kwenye kukirekebisha. Mtu mmoja akanyage pedali polepole na mwingine aangalie injini: mlango wa hewa lazima uwe umefunguka wote kwanza, ndipo kiswichi kiminywe. Kikiwahi, gari litashuka gia ovyo na kunywa petroli bure. Kikichelewa, pedali itagota sakafuni kabla ya kukifikia. Changu kilichelewa, na tatizo halikuwa kiswichi chenyewe. Juu ya zulia kulikuwa na kapeti mbili za mpira, moja juu ya nyingine. Nilipotoa moja tukaingia barabarani. Kwenye kilomita 60 kwa saa nikakanyaga mpaka chini, gia ikashuka, na mpwa wangu akashika mkanda wake.