Kobe Mdogo na Mikono Safi

Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma majani ya porini, mara nyingi watoto hurudi nyumbani na kobe mdogo mkononi. Ukubwa wake ni kama yai la kuku. Watoto wanafurahi, nawe mzazi unacheka na kusema, "Haya, mwekeni." Ndugu msomaji, kabla hujasema neno hilo, soma kwanza ukurasa huu. Kuna maisha mawili ya kulinda: maisha ya kobe, na maisha ya mtoto wako mchanga.

Kobe huyu ni mnyama gani?

Katika hadithi za wazee wetu, kobe ni mnyama mwenye akili kuliko chui. Lakini kobe mchanga hana ujanja wowote wa kujiokoa. Kongo tuna kobe wa nyikani na kobe wa mwituni. Wengi wao, wakikua, sehemu ya nyuma ya gamba hujikunja chini kama mlango na kufunika miguu. Kobe mchanga hana mlango huo bado.

Gamba lake si jiwe wala sahani. Ni mfupa wenye uhai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, nalo lina maumivu. Mtu anayetoboa gamba ili afunge kamba anatoboa mfupa wa kiumbe kilicho hai. Uchafu huingia katika kidonda, nacho huoza. Basi usilitoboe, usilipake rangi, wala usimwache mtoto amwangushe chini.

Jambo moja tena: kobe halii. Kuku akishikwa hupiga kelele, mbuzi akiumwa hulia, lakini kobe hunyamaza. Anaweza kufa polepole kwa majuma mengi, nanyi mnadhani amelala tu. Kwa hiyo anayemfuga lazima amwangalie kila siku.

Kama amepatikana leo, na mahali pale hapajaungua, ni vizuri kumrudisha pale pale. Usimnunue sokoni, maana anayenunua mmoja anamtuma muuzaji kukamata wengine kumi. Wala usivuke naye mpaka: biashara ya kobe wa nchi kavu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mapatano yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Lakini kama pori limeungua, au kobe amekwisha kuletwa kwako na hujui alikotoka, mtunze hivi.

Mahali pa kukaa

Mfanyie ua mdogo nje, kwa matofali au mbao, asiweze kupanda na kutoka. Funika juu kwa wavu au fito, maana mbwa, panya, kuku na kunguru humwua kobe mchanga upesi. Angalieni pia siafu. Wakipita usiku, hawaachi kitu.

Nusu ya ua iwe na jua, nusu iwe na kivuli, naye atachagua mwenyewe. Jua la asubuhi humsaidia kujenga mfupa mgumu. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halifai kwa kazi hiyo. Lakini jua kali bila kivuli humwua, hasa akiwa amepinduka chali asiweze kujigeuza. Kobe wa mwituni anataka kivuli kingi zaidi na udongo wenye unyevu.

Usiku, hasa kwenu mnaokaa milimani penye baridi, mwingize ndani ya sanduku lenye majani makavu. Usiliweke sanduku jikoni, wala chini ya kitanda, wala mahali mtoto anapotambaa.

Chakula na maji

Mpe majani mabichi ya namna nyingi: majani ya uani, matembele, lengalenga kidogo, na maua yasiyo na sumu. Wengi wa kobe wetu hupenda pia uyoga unaoliwa na watu, kipande cha papai au embe, konokono wadogo na minyoo ya udongo. Usimpe sombe mbichi, maana ina sumu. Usimpe bugali, mkate, wali wala maziwa. Vitu hivyo humshibisha lakini havimjengi.

Ponda ganda la yai lililochemshwa mpaka liwe unga, nyunyiza kidogo juu ya majani mara mbili au tatu kwa juma. Ndiyo chokaa ya mifupa yake.

Mara tatu kwa juma mweke katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15 au 20. Maji yasipite kidevu chake, asije akazama. Humo atakunywa, na mara nyingi atapata choo. Kumbuka neno hilo la choo, tutalirudia.

Mwenye afya ana macho yaliyo wazi, naye huvuta miguu kwa nguvu ukimgusa. Macho yakivimba na kufungwa, pua ikitoa mapovu, au gamba likizidi kuwa laini, yeye ni mgonjwa. Chunguza jua, joto na chakula chake, tena umwulize mganga wa wanyama kama yuko karibu.

Hatari isiyoonekana

Ndani ya matumbo ya kobe, hata kobe mwenye afya nzuri, mara nyingi mnakaa mikrobe inayoitwa salmonela. Kobe mwenyewe haimsumbui. Inatoka pamoja na choo, inashika gamba, miguu, sanduku, na maji aliyoogea. Jicho haliioni. Ukimtazama kobe utasema, "Ni safi kabisa," kumbe sivyo.

Tufikiri nyumba moja. Mvulana wa miaka saba amemwogesha kobe wake katika beseni. Amemwaga maji, amelirudisha beseni mahali pake. Mama anakuja, analitumia kuoshea kikombe na kijiko cha mtoto wa miezi minane. Baada ya siku mbili mtoto anahara, mwili una moto, anakataa kunyonya. Bibi anasema, "Jirani ametupiga." Shangazi anasema, "Ni meno." Siku tatu zinapita katika maneno hayo, na macho ya mtoto yanazidi kuingia ndani. Jirani hakufanya neno. Meno hayakufanya neno. Beseni ndilo lililoleta ugonjwa.

Ugonjwa huo huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya mikrobe kuingia mdomoni: kuhara, homa, na tumbo kukata. Mtu mzima mwenye nguvu hupona kwa siku 4 mpaka 7. Lakini katika mtoto mchanga mikrobe huweza kuingia katika damu na kumwua. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliyekonda kwa kukosa chakula, aliyedhoofishwa na malaria, au mwenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Hata Marekani, watoto wengi waliugua kwa sababu ya kasa wadogo waliouzwa madukani, na mwaka 1975 serikali ilikataza kuuza wale ambao gamba lao halifiki sentimeta 10.

Amri za nyumba yenye kobe

1. Kila amshikaye kobe, au sanduku lake, anawe mikono kwa sabuni na maji safi, hapo hapo, kabla hajagusa kitu kingine.

2. Mtoto wa chini ya miaka 5 asimshike kobe. Vivyo hivyo mwanamke mwenye mimba, mzee dhaifu, na mgonjwa.

3. Kobe awe na beseni lake peke yake. Lisioshe vyombo, wala mboga, wala nguo za mtoto.

4. Maji yake na choo chake vimwagwe katika choo cha watu, mbali na kisima na bustani ya mboga.

5. Kobe asiingie jikoni, wala asitembee juu ya mkeka wa kulia chakula. Mtu asimbusu.

Kama huwezi kushika amri hizi, au kama nyumbani kwako mna mtoto mchanga na hakuna sabuni, usifuge kobe. Si aibu kumwambia mtoto, "Hapana." Atalia siku moja tu.

Mtoto akihara

Usimnyime kinywaji. Endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya dawa ya pakiti kutoka hospitali. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko vidogo 6 vilivyo sawasawa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Pima vizuri, maana chumvi ikizidi ni hatari. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hasa baada ya kila choo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.

Mlete hospitali upesi, wala usingoje kesho, ukiona damu katika choo, homa, macho yaliyoingia ndani, au akishindwa kunyonya au kunywa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa aletwe saa ile ile. Tena mwambie mganga waziwazi, "Nyumbani tuna kobe." Neno hilo laweza kumsaidia kujua ugonjwa.

Wapendwa, Mungu amewaweka viumbe chini ya mikono yetu tuwatunze. Mvulana anayekumbuka kila asubuhi kumpa kobe wake majani, jua na maji, anajifunza kumhurumia asiyeweza kulia. Lakini mkono ule ule unaomlisha kobe ndio unaomshika mdogo wake. Mfundishe kunawa. Weka sabuni na kopo la maji karibu na ua wa kobe leo, kabla jua halijatua.