KWA NINI MUNGANGA ANAKATA KIPANDE CHA UVIMBE?



Mtoto amevimba taya, meno yanalegea. Munganga anasema: tutakata kipande kidogo, tukipeleke laboratware. Mama anaogopa, maana amesikia watu wakisema kisu kinaamsha ugonjwa. Lakini mama, ugonjwa huo umekwisha kuamka! Tunakata ili tujue ni ugonjwa gani, na unakwenda mbio kiasi gani.

Mwili umejengwa na seluli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seluli moja inajigawa kuwa mbili, mbili kuwa nne. Katika mwili mzima zinajigawa kwa kiasi. Katika kansere zinajigawa bila amri, nyingine polepole, nyingine upesi sana.

Mwendo huo unapimwaje? Ni kama wewe unavyojaribu mbegu za maharagi: unapanda 100, halafu unahesabu ngapi zimeota. Kipande kinakatwa chembamba kabisa, kinatiwa rangi, kinatazamwa kwa mikroskopi, na seluli zinazojigawa zinahesabiwa. Kwa kansere ya titi, hesabu hii ni moja ya mambo matatu yanayoonyesha daraja la ugonjwa: daraja la 1 huenda polepole, la 3 ni kali. Iko pia alama inayoitwa Ki-67, iliyotangazwa mwaka 1983 na waganga wa mji wa Kiel, Ujerumani. Seluli iliyo katika kazi ya kujigawa huonekana kahawia.

Sasa turudi kwa taya la mtoto. Munganga Denis Burkitt, wa hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika juu ya uvimbe huu mwaka 1958. Ukipimwa kwa Ki-67, karibu seluli zote 100 kwa 100 zinaonekana kahawia. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Lakini mbio hizo zinasaidia dawa vilevile, kwa sababu dawa nyingi za kansere zinaua seluli wakati zinapojigawa. Watoto wengi wanaoanza mapema na kumaliza dawa wanapona.

Katika milima yenye baridi kama Alimbongo ugonjwa huu ni wa nadra. Unapenda nchi ya joto, yenye malaria nyingi. Lakini si sisi tunashuka Beni na watoto wetu?

Basi, taya likivimba, usimng'oe mtoto meno na kungojea. Usingojee hata siku ya kupima kilo. Mlete leo. Na kipande kikikatwa, uliza jibu litatoka siku gani, urudi siku ile ile.