Uthabiti wa meli

Uthabiti wa meli ni uwezo wa chombo cha majini kurudi wima baada ya kulazwa upande na upepo, wimbi, kukata kona au mwendo wa abiria. Ni jambo tofauti na kuelea. Meli inaweza kuelea vizuri bandarini, isiwe na tundu hata moja, na bado ikapinduka kwa upepo mdogo. Kwa hiyo msanifu wa meli hujiuliza maswali mawili: chombo kitabeba uzito kiasi gani, na uzito huo utakaa juu kiasi gani kutoka kwenye mkuku. Swali la pili ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi.

Nguvu mbili

Archimedes wa Sirakusa, aliyeishi katika karne ya 3 KK, alieleza kwamba kitu kinachoelea husukumwa juu na nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Katika vitabu vya shule nguvu hiyo huitwa kanieleo. Uzito wa meli huvuta chini kupitia nukta moja, yaani kitovu cha uzito. Kanieleo husukuma juu kupitia nukta nyingine, iliyo katikati ya sehemu ya meli iliyozama majini.

Meli inapolala upande, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na kitovu cha kanieleo husogea kuelekea upande uliozama zaidi. Kitovu cha uzito hubaki palepale, mradi shehena haikuhama. Sasa nguvu hizo mbili haziko tena kwenye mstari mmoja: moja inasukuma juu upande huu, nyingine inavuta chini upande ule, na kwa pamoja huizungusha meli hadi isimame.

Mstari wima unaopita kwenye kitovu kipya cha kanieleo hukata mstari wa katikati ya meli mahali panapoitwa metasenta. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Pierre Bouguer katika kitabu chake juu ya meli kilichotolewa mwaka 1746. Sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiandika akiwa mbali na bahari, kwenye milima ya Andes, alikokwenda pamoja na wenzake kupima umbo la dunia. Kanuni yenyewe ni fupi: metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, meli hurudi wima, ikiwa chini yake, meli huendelea kuanguka. Umbali kati ya nukta hizo mbili huitwa kimo cha metasenta.

Kimo kikubwa mno nacho si kizuri. Meli hiyo hurudi wima kwa kishindo, kamba za shehena hukatika na abiria hutapika.

Mfano wa hesabu

Chukua chombo chenye umbo la sanduku, urefu mita 20, upana mita 6, kilichozama mita 2 katika maji baridi. Kinasukuma kando mita za ujazo 240 za maji, kwa hiyo uzito wake ni tani 240. Kitovu cha kanieleo kiko mita 1 juu ya sakafu ya chini. Kwa sanduku, metasenta iko juu ya kitovu hicho kwa kiasi kinachopatikana kwa kuzidisha upana kwa upana, kisha kugawanya kwa mara 12 ya kina kilichozama: 36 ÷ 24 = mita 1.5. Basi metasenta iko mita 2.5 juu ya sakafu. Kama kitovu cha uzito kiko mita 2 juu ya sakafu, kimo cha metasenta ni mita 0.5.

Sasa abiria 300, wenye wastani wa kilo 70 kila mmoja, yaani tani 21, wapande kutoka sitaha ya chini hadi sitaha iliyo mita 4 juu yake. Kitovu cha uzito cha chombo kizima kitapanda kwa 21 × 4 ÷ 240 = mita 0.35. Kimo cha metasenta kinabaki mita 0.15 tu. Uzito wa chombo haukuongezeka hata kilo moja, na alama ya ujazo iliyopakwa ubavuni haikuzama hata kidogo. Anayesimama gatini akiitazama alama hiyo ataona kila kitu kiko sawa.

Upana husaidia sana kwa kuwa huzidishwa kwa wenyewe. Chombo kilekile kingekuwa na upana wa mita 7 na kina kilekile, 49 ÷ 24 ingetoa mita 2.04, na kimo cha metasenta kingezidi mara mbili. Ngalawa hutumia kanuni hiyohiyo: mtumbwi wake ni mwembamba, lakini matengo ya pande zote mbili huufanya uwe kama chombo kipana.

Vasa

Vasa ilikuwa meli ya kivita ya Uswidi iliyojengwa Stockholm kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alifariki mwaka 1627 kabla ya kazi kwisha. Meli ilikuwa na sitaha mbili za mizinga, jumla mizinga 64, na sehemu ya juu nzito iliyojaa sanamu za mbao. Wakati huo hapakuwa na hesabu ya uthabiti. Mafundi walitegemea vipimo vya meli zilizotangulia.

Kabla ya safari lilifanyika jaribio. Mabaharia 30 walikimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Baada ya mara tatu likasimamishwa, maana meli ilikuwa ikiyumba kiasi cha kutisha. Hata hivyo hakuna aliyeizuia. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo na aliitaka meli yake. Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ilitweka matanga, ikaenda takriban mita 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama. Watu wapatao 30 walikufa.

Ngamani mlikuwa na farumi ya mawe yapata tani 120. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hayakuongezwa mengine. Jibu ni kwamba meli ingezama zaidi na matundu ya chini ya mizinga yangekaribia maji. Kosa lilikuwa katika umbo lenyewe, na farumi haikuweza kulirekebisha. Uchunguzi haukumtia hatiani mtu yeyote. Meli iliinuliwa mwaka 1961, na leo ni makumbusho.

Ukingo ulio chini mno

Kimo cha metasenta huonyesha tabia ya meli inapolala kidogo tu. Meli ya Kiingereza HMS Captain, yenye chuma, mizinga ya kuzunguka na matanga, ilisimama vizuri kwenye maji matulivu, lakini sitaha yake ilikuwa karibu mno na maji. Sitaha ikishazama, nguvu ya kurudi wima hupungua haraka. Kwa Captain nguvu hiyo ilifika kilele kwenye nyuzi 21 tu. Kwa Monarch, iliyosafiri nayo, ilikuwa nyuzi 40. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870 zote mbili zilikumbwa na dhoruba karibu na Hispania. Monarch ilisalimika. Captain ilipinduka, ikaua watu zaidi ya 470, akiwemo mbuni wake Cowper Coles.

Maji ndani ya meli

Maji yaliyo huru ndani ya chombo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito. Hatari hiyo hutegemea upana wa uso wa maji, kwa hiyo tangi likigawanywa kwa ukuta mmoja wa urefu, athari hushuka hadi robo. Sitaha pana ya magari katika vivuko haina ukuta wa namna hiyo. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi. Maji yalienea kwenye sitaha ya magari na kivuko kikalala upande kwa dakika chache. Watu 193 walikufa.

Ziwa Viktoria

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800. Kwa muda ilielea tumbo juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Bamba lilipotobolewa ili kuwafikia waliokwama, hewa ilitoka na meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Fundi mitambo mmoja aliokolewa hai siku 2 baadaye, akiwa kwenye hewa iliyobaki ndani.

Wakati wa kukaribia gati ni wa hatari ya pekee. Abiria husimama, hubeba mizigo yao mikononi na kusogea ubavu mmoja: kitovu cha uzito hupanda na kwenda pembeni kwa wakati mmoja.

Jaribio la kulaza meli

Kitovu cha uzito cha meli iliyokwisha kujengwa hupimwa kwa kuilaza kidogo kwa makusudi. Uzito unaojulikana husogezwa kwenye sitaha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na timazi ndefu iliyoning'inizwa ndani huonyesha meli imelala kiasi gani. Katika chombo cha mfano hapo juu, kikiwa na kimo cha mita 0.5, tani 1 ikisogezwa mita 5, timazi ya mita 3 itahama karibu sentimita 12.5. Ikihama zaidi, kimo ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Jaribio hufanywa maji yakiwa matulivu, kamba za gati zikiwa zimelegezwa na matangi yakiwa yamejaa kabisa au matupu kabisa, na hurudiwa chombo kinapoongezwa sitaha, kubadilishwa injini au kufanyiwa ukarabati mkubwa.