Dodoma, mji uliochorwa kabla ya kujengwa

Mpango kabambe ni ramani ya mji ambao bado haujajengwa: huonyesha barabara zitapita wapi na ardhi ipi isiguswe. Dodoma ilipata wake mwaka 1976, miaka mitatu baada ya Tanzania kuamua kuhamishia huko makao makuu. Wataalamu kutoka Kanada waliuchora kwa kufuata umbo la vilima, wakitanguliza waenda kwa miguu na mabasi. Fedha zikawa haba, ujenzi ukasuasua. Na kiwanja kikikaa kitupu miaka mingi, hakikosi mvamizi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilisimamia ardhi hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Serikali ilipohamia kweli, ukaandaliwa mpango mwingine, unaofika mwaka 2039.