Je, Wajua? Kima, Paa na Vitabu Kumi na Viwili vya Rangi

Je, wajua kwamba J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, aliwahi kuilalamikia hadithi ya Kiswahili? Ni ile ya kima na papa, ambayo wengi wetu tuliikuta shule ya msingi. Tarehe 8 Machi 1939 Tolkien alitoa mhadhara kuhusu ngano za maajabu katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Insha iliyotokana na mhadhara huo ilichapishwa 1947, na ndani yake hadithi yetu imetajwa waziwazi kuwa ni ya Waswahili. Lalamiko lake lilikuwa kwamba imewekwa mahali pasipo pake: aliiona ni hadithi ya wanyama, haistahili kuitwa ngano ya maajabu.

Aliisoma wapi? Katika mfululizo wa vitabu vya watoto vya Andrew Lang. Ni vitabu 12, kila kimoja na rangi yake, kuanzia cha buluu cha 1889 hadi cha zambarau mpauko cha 1910. Watoto wa Uingereza wa vizazi kadhaa walilelewa navyo. Jina kubwa kwenye jalada ni la Lang, lakini mwenyewe alikiri katika dibaji ya 1910 kwamba karibu kazi yote ya kutafsiri na kusimulia upya ilifanywa na mkewe, Leonora Blanche Alleyne. Picha nyingi zilichorwa na H.J. Ford.

Je, wajua hadithi za Kiswahili zilizomo katika vitabu hivyo zilitoka Unguja? Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika huko 1864, alikaa na wasimulizi, akaandika walichosema, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miaka 31 baadaye hadithi kadhaa za kitabu hicho ziliingia katika kitabu cha urujuani cha Lang, na ile ya kima ikafuata 1910.

Hapo ndipo maoni ya Tolkien yanaponivuta. Alidhani Lang aliichagua hadithi hiyo kwa sababu ya moyo: papa anataka moyo wa kima uwe dawa ya sultani wake, na kima anamwambia kwamba wao mioyo yao huiacha mitini. Lang alikuwa mtafiti wa mila, na habari za viumbe wanaoficha mioyo yao nje ya mwili zilimshughulisha sana. Tolkien akajibu kwamba moyo wa kima huyu haukutoka kifuani hata kidogo. Ulikuwa uongo wa kujiokoa. Ni kweli kabisa. Lakini yeye alisoma hadithi iliyokwisha kubadilishwa kichwa. Kwa Lang inaitwa Moyo wa Kima. Kwa Steere inaitwa Kisa cha Punda wa Dobi, kwa sababu kima akishafika juu ya mti wake, papa akimbembeleza arudi, humsimulia habari za punda aliyehadaiwa na sungura akaenda kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akakubali kuhadaiwa tena na kuliwa. Kima anakataa kuwa punda wa dobi. Uzito wote uko hapo, kwenye kosa la kwenda mara ya pili. Lang alipobadilisha kichwa aliwageuza macho wasomaji wake wote wautazame moyo, na hata msomaji mkali kama Tolkien akabishana juu ya moyo, punda akasahaulika.

Msimuliaji anaweza kuacha kila tukio mahali pake na bado akaigeuza hadithi. Kichwa tu kinatosha.

Na je, wajua kwamba kima huyo alikuwa msafiri kabla hajafika Unguja? Katika Panchatantra na hadithi za Jataka za India adui wake huwa mamba. Ibn al-Muqaffa alipoandika Kalila wa Dimna kwa Kiarabu katika karne ya 8, adui akawa kasa. Japani anayetumwa kumleta kima ni yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini, ambaye kwa kushindwa kazi hiyo alipokonywa gamba lake. Hadithi hiyo nayo imo katika kitabu cha urujuani cha 1901. Lang aliichapisha hadithi moja mara mbili, kwa sura mbili na rangi mbili. Wasimulizi wa Unguja, wanaoishi na bahari ya Hindi mlangoni, wakamweka papa.

Basi msomaji wa kwetu Endabash ana haki gani ya kumbadilisha adui wa kima? Endabash ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha. Papa hayupo. Lakini Ziwa Manyara liko karibu, na mto wenye jina hilohilo la Endabash unamwaga maji yake humo. Katika msitu wa hifadhi ya Manyara mikuyu mikubwa ipo, kima wapo, na viboko wamejaa majini. Mti wa hadithi ya Steere ulikuwa mkuyu uliotupa matawi yake upande mmoja mjini na mwingine baharini. Ikiwa India iliruhusiwa mamba na Waarabu wakaruhusiwa kasa, mwalimu wa Endabash akimweka kiboko wa Manyara hakuna mtu wa kumkataza. Wapo wasomaji watakaosema hadithi imeharibiwa. Mimi nasema itakuwa imeharibika siku kima atakapokubali kurudi.

Je, wajua kwamba wasimulizi wa zamani wa pwani walikuwa tayari kuhukumiwa? Walikuwa na desturi ya kufunga hadithi kwa kusema kwamba ikiwa nzuri, uzuri ni wa wote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wa msimuliaji peke yake. Lawama walijitwika wenyewe.

Sasa njoo kwa paa. Je, wajua kwamba Waswahili wana hadithi inayofanana sana na ile ya paka mwenye viatu aliyoiandika Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, na kwamba mwisho wa ile ya Unguja ni mkali kuliko wa Perrault? Kwa Perrault, paka mwerevu anamtafutia bwana wake maskini utajiri na binti mfalme, kisha wote wanaishi raha. Kwa Steere ni paa. Maskini aitwaye Haamdani, anayechakura jaani akitafuta punje za kula, anamnunua paa huyo kwa thumni. Paa anaokota almasi, anampelekea sultani, anamtangaza bwana wake kuwa ni Sultani Darai, anamwozesha binti wa sultani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake jumba la nyoka huyo. Halafu paa anaugua. Bwana wake hamtazami. Anaagiza apewe uji wa mtama, chakula cha kumdhalilisha, ndani ya nyumba iliyojaa kila kitu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwa baba yake, na akiamka yuko huko kweli. Mume anaota anachakura jaani, na akiamka ni jaani.

Namheshimu Leonora kwa jambo moja kubwa: hakuufuta mwisho huo. Kitabu kilikuwa cha watoto, na wachapishaji wa wakati ule walipenda miisho ya harusi. Angeweza kumponya paa kwa sentensi moja. Alimwacha afe, na mtoto wa London akajifunza alichojifunza mtoto wa Mkunazini, Unguja, kuhusu kumsahau aliyekuinua. Wapo wazazi wanaoona mwisho huo ni mzito mno kwa mtoto wa darasa la pili. Naelewa wasiwasi wao, lakini sikubaliani nao. Mtoto anayelea mwanambuzi au ndama nyumbani anajua vizuri maana ya mnyama mgonjwa kunyimwa chakula. Huzuni hiyo anaimudu. Asichokimudu ni kudanganywa.

Haya, la haraka. Je, wajua kuhusu Nunda, mla watu? Ni paka wa sultani aliyeachwa ale kuku, akaachwa ale ng'ombe, akaja kula watu, mpaka wana wa sultani wakawa chakula chake. Mtoto mdogo kuliko wote anatoka kumtafuta, na kila mnyama anayemuua anamburuta kwa mama yake kumuuliza kama ndiye. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa: punda milia, twiga, kifaru, ndovu. Unguja haina hata mmoja kati ya hao. Msimuliaji alikuwa anaitaja bara, nchi ya Ngorongoro na Manyara, mbele ya wasikilizaji wa kisiwani. Kwa hiyo hadithi hii ikisomwa Karatu, inasomwa kwa watu wanaomjua kifaru.

Mwaka uleule wa 1901 kilipotoka kitabu cha urujuani cha Lang, George W. Bateman alichapisha Chicago kitabu cha Zanzibar Tales, akisimulia kisa hichohicho. Kwake mtoto huyo anaitwa Mkaa Jikoni, yule wanayemdharau nyumbani kwa kukaa na wapishi. Napenda zaidi hiyo ya Bateman, kwa jina hilo tu.

Je, wajua kwamba Alice wa Lewis Carroll, aliyezaliwa kitabuni 1865, ana majina mawili ya Kiswahili? Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilimtoa kama Elisi, katika tafsiri ya St Lo de Malet, na michoro ilifanywa upya ili Elisi awe msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 akarudi kama Alisi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS huko London, ambaye baadaye alikileta kwa Kiswahili kitabu cha Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi. Alisi ya 2015 imefanywa na mtu anayeota kwa Kiswahili, na inasikika hivyo. Lakini zile picha za 1940 msizidharau: mtoto mweusi aliyeanguka katika shimo la sungura, miaka 21 kabla ya Uhuru.

Na Shaaban Robert je? Adili na Nduguze, iliyochapishwa 1952, ina mifupa ya kisa cha Abdallah bin Fadhili katika Alfu Lela Ulela: ndugu wawili wenye husuda, jini mwanamke, mji uliogeuka mawe, na kipigo cha kila usiku. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wanageuzwa mbwa. Kwa Shaaban ni manyani. Khalifa Harun al-Rashid anaondoka, anaingia mfalme Rai wa Ughaibu. Ndugu wanaitwa Hasidi na Mwivu, ili hata mtoto ajue mapema anashughulika na watu gani. Wapo wasomaji wanaodai kwamba hicho ni kitabu cha kuazima. Nawajibu: kaviwekeni visa viwili kando kando msome. Shaaban aliacha starehe nyingi za kisa cha Baghdad akashika swali moja, la haki ya mtawala na huruma ya ndugu, akalikamua hadi tone la mwisho.

Si kila usimuliaji upya unaponyoka lawama. Sungura alivuka bahari ndani ya vifua vya Waafrika waliouzwa, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris wa Georgia akatoa kitabu cha visa vyake kwa mdomo wa mzee wa kubuni, Mjomba Remus, mtumwa wa zamani anayemtumbuiza mtoto wa kizungu. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa mji uleule wa Eatonton alikozaliwa Harris, aliandika 1981 kwamba Harris aliwapokonya watu wake urithi wao, kwa kuwafanya wauonee haya. Julius Lester alijibu kwa njia nyingine: kuanzia 1987 alivisimulia upya visa hivyo, akiwa Mmarekani mweusi, akamtoa yule mzee mnyenyekevu na kumwacha Sungura aseme. Wote wawili walikuwa sahihi.

Mwisho, la kwetu kabisa. Je, wajua kwamba ngano za Wairaqw, ambao ndio wengi Endabash na Karatu, zimechapishwa Tokyo? Katika miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipiga kambi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Mmoja wao, Shohei Wada, alitoa mwaka 1976 kitabu chenye jina la Kiswahili: Hadithi za Mapokeo ya Wairaqw. Nazo ngano za Wahadzabe wa Eyasi, pamoja na majitu yao, zilikusanywa na Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen katika miaka ya 1930 na kuchapishwa kwa Kijerumani 1956.

Ngano za Eyasi kwa Kijerumani, za Karatu kutoka Japani. Hizi ndizo ningependa zisimuliwe upya kwa watoto, kwa Kiswahili cha kusomeka na kwa Kiiraqw ubavuni kama Steere alivyopanga kurasa zake 1870, zikiwa na picha za mkuyu, bonde la ufa na ng'ombe. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uko tangu 1991, na umeonyesha kwamba vitabu vya namna hii vinawezekana. Wazee waulizwe kwanza kama mambo yamekaa sawa. Halafu, kabla kitabu hakijapelekwa kupigwa chapa, kisomwe kwa sauti katika darasa la nne la Endabash, na mhariri akae nyuma na daftari aandike kila mahali watoto watakapobisha.