Gongo si Aibu kwa Aliyeumia Mguu

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, tunawaona hapa Dodoma, kuanzia mjini hadi Kondoa, vijana waliovunjika mguu wakikosa Ijumaa kwa kuona haya kuingia msikitini na magongo. Asiyeweza kufika ana udhuru. Anayeweza kwa gongo asizuiwe na haya. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Huswayn, aliyekuwa na bawasiri, aswali kwa kusimama, asipoweza, akae, asipoweza, alalie ubavu.

Kifaa huchaguliwa kwa hali ya mguu, si kwa macho ya watu. Daktari akikataza kuukanyagia, hutumika magongo mawili, na uzito hubebwa na mikono, si makwapa. Akiruhusu, mkongojo mmoja waweza kutosha: kimo chake kifike kwenye kifundo cha mkono, nao ushikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Mpira wa nchani usiwe umelika, kwani penye kutawadhia pana utelezi.

Wasimamizi wa misikiti, ifuteni ncha hiyo vumbi, msimzuie mwenyewe mlangoni. Naye aliyepona ampe mwingine magongo yake, iwe sadaka.

Wabillahi tawfiq.